Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi, Mwanza

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Mazingira, tunakukaribisha kwa furaha shuleni kwetu. Tunajua una majukumu mengi, hivyo ujio wako ni heshima kubwa kwetu.

Mwaka huu tumemsoma sponji wa baharini na maradhi yanayomwangamiza maji ya bahari yanapopata joto. Wapo wazazi waliotuuliza kwa nini watoto wa ziwani, waliokulia kwenye sato na dagaa, wahangaike na mnyama wa maji ya chumvi. Ni swali la haki, na tutalijibu.

Ukifika mezani kwetu utakuta kipande cha sponji kutoka Jambiani, Zanzibar. Huko baadhi ya akina mama waliokuwa wakilima mwani wamegeukia kilimo cha sponji, maana joto la maji limekuwa likiharibu mwani wao. Tafadhali kishike. Ni nyuzinyuzi laini zenye matundu kila upande, na hicho ni kiunzi tu. Mnyama mwenyewe akiwa hai hana mdomo, tumbo wala moyo. Huvuta maji kupitia matundu yale madogo, akachuja bakteria na chembe za chakula, kisha akayatoa kwa tundu kubwa yakiwa yametakata. Kilo moja ya sponji huweza kuchuja maelfu ya lita kwa siku.

Kazi hiyo haifanyi peke yake. Mwilini mwake huishi vijidudu wengi mno; katika aina fulani hufikia theluthi nzima ya mwili. Humsaidia kupata chakula, kuondoa taka na kutengeneza kemikali za kujikinga. Joto huanzia kuvuruga hapo. Watafiti wa Australia walimweka sponji wa Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe ya nchi hiyo, kwenye maji ya nyuzi 31 za Selsiasi, akavumilia. Kwenye nyuzi 33, vijidudu wake walitoweka, wageni wakachukua nafasi yao, na nyama yake ikaanza kufa ndani ya siku chache. Nyuzi 2 tu, Ndugu Mgeni Rasmi! Mtu akitia mkono kwenye maji hayo huenda asitambue tofauti.

Baharini mambo hayo yameshatokea. Kuanzia mwaka 1986 ugonjwa uliwapukutisha sponji wa kuogea katika Mediterania, na wapiga mbizi wa Ugiriki waliowategemea wakapoteza riziki. Kiangazi cha 1999 joto kali likaua sponji na matumbawe katika bahari hiyohiyo. Mwaka 2022, huko Fiordland, New Zealand, mamilioni ya sponji wa rangi ya kahawia waligeuka weupe. Ni kweli si kila sponji hufa. Wapo wanaostahimili joto kuliko matumbawe. Lakini wale wanaokufa huacha maji bila mchujaji.

Sasa jibu kwa wazazi wetu. Ziwa Baikal la Urusi, lenye kina kirefu kuliko maziwa yote duniani, halina chumvi, sawa na ziwa letu. Tangu takriban mwaka 2011 sponji wake wamekuwa wakiugua na kuoza, na wanasayansi wanahusisha hali hiyo na joto pamoja na uchafu unaoingia ziwani. Nasi hapa Mwanza tunauona Mto Mirongo ukishusha taka za mjini hadi ziwani, na gugumaji likistawi kwa uchafu huo. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na sangara ni samaki anayehitaji oksijeni nyingi. Mvuvi wa Kirumba ana haki ya kujua ziwa lake lina joto kiasi gani.

Kwa hiyo tunaomba vipimajoto vya maji na hadubini, ili tupime ufukweni kila wiki na kutunza kumbukumbu. Tunaomba pia utusaidie kufika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) hapa Mwanza, wataalamu wakague vipimo vyetu na kutufundisha kupima kwenye kina. Na kwa nafasi yako, tunakuomba usimamie suala la majitaka yanayoingia Mirongo. Hilo limezidi uwezo wa wanafunzi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.