Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: tumechoka kusafirisha vijana wa kupigwa

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Ujiji. Mchana natengeneza injini za boti pale Kibirizi, na jioni, kuanzia saa kumi na moja, nafundisha ngumi chini ya mwembe. Begi letu ni gunia lililoshindiliwa matambara, na mchanga kidogo chini ili litulie. Glavu tunazo jozi nne. Harufu yake utaipata kabla hujauona mwembe wenyewe.

Sikuandikii kulia umaskini. Mchezo huu umelelewa na maskini tangu zamani na haujafa. Nakuandikia kwa sababu ya simu.

Simu yenyewe huja hivi: "Mwalimu, una kijana wa kilo 57? Raundi nne, Jumamosi ya wiki ijayo. Nauli naituma leo." Basi. Anayepiga ni promota wa mjini, na sio mmoja. Haulizi kijana ameshapigana mara ngapi. Akiuliza, ujue anataka jibu liwe dogo, maana anamtafutia bondia wake mtu wa kumshinda ili rekodi yake ipendeze. Sisi makocha wa mikoani tunawaita vijana wanaoitwa namna hiyo "mbuzi wa shughuli". Tunacheka tukisema, kisha tunanyamaza.

Mbuzi wangu wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 19, mbeba magunia ya dagaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mwepesi kuliko wowote niliowahi kuufundisha. Alikuwa na wiki 11 tu tangu avae glavu, na pambano hata moja la ridhaa, yaani ngumi zisizo za kulipwa, hakuwa nalo, kwa kuwa hapa Kigoma sikuwa na pa kumpeleka akapigane. Simu ikaja. Nikamwambia bado. Akaniuliza, "Mwalimu, bado mpaka lini, na nani atanipa pambano hapa?" Sikuwa na jibu. Akapanda treni.

Naomba nikae kidogo kwenye hiyo treni, Mheshimiwa, kwa sababu wanaotazama ngumi kwenye televisheni hawaioni. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Kijana wangu alikuwa na kilo 60 na ushee, na alitakiwa apande mizani akiwa na 57. Kwa hiyo alisafiri daraja la tatu, amevaa koti la mvua ndani ya behewa lililojaa watu, anatafuna jojo na kutema mate kwenye kopo ili maji yamtoke mwilini. Tabora abiria wenzake walitoa mikono dirishani kununua karanga na asali. Mama mmoja akampa kipande cha muhogo, akakikataa, yule mama akadhani kijana anaumwa. Na kwa kweli alikuwa anajiumiza. Alifika, akapima, kilo zikakubali. Siku ya pili yake akapanda ulingoni kupambana na mtu aliyelala kwao na kunywa uji wa mama yake.

Nauli iliyotumwa ilikuwa ya mtu mmoja, mimi sikwenda. Kwenye kona yake alisimama mtu waliyefahamiana siku hiyohiyo. Raundi ya kwanza niliiona baadaye kwenye simu ya jirani, na naapa aliishinda kwa ule mkono wa kushoto. Raundi ya pili miguu ikaisha. Alianguka, akainuka, akaanguka tena.

Alirudi na shilingi 150,000 na maumivu ya kichwa. Wiki tatu baadaye simu nyingine ikaja, ya promota mwingine, mji mwingine. Nikakataa, nikagombana naye, akaenda. Ndani ya miezi saba alipigana mara nne, akapoteza zote, tatu kwa KO, yaani kuangushwa asiweze kuendelea. Leo ukifungua BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, utakuta watu wengi wenye rekodi kama hiyo kutoka kila pembe ya dunia, na kompyuta haiandiki kwamba huyu alipanda ulingoni na kiu ya siku mbili.

Kwenye ngumi za ridhaa, mtu aliyeangushwa kwa makonde ya kichwani anakaa nje siku zisizopungua 30, sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, pia marufuku. Akiangushwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, anakaa miezi mingine mitatu. Sheria hiyo haikutungwa na waoga. Ubongo uliotikiswa unahitaji muda, na anayetikiswa tena kabla haujapona anaweza asiinuke kabisa. Kijana wangu hajawahi kuingia kwenye ridhaa, kwa hiyo ile kinga hakuijua. Ngumi za kulipwa nazo zina taratibu zake za afya, ila mtu anayetoka mbali bila kocha, bila karatasi, akihitaji hela, ni rahisi kupenya katikati ya taratibu.

Ridhaa ni shule, Mheshimiwa. Ni raundi tatu za dakika tatu, majaji watano, daktari kando ya ulingo, na refa anayewahi kusimamisha. Humo bondia anajifunza kupoteza bila kuumizwa. Anakutana na wa kushoto, na mrefu, na mjanja wa kukumbatia, na yule anayekuja kichwa mbele kama mbuzi wa kweli. Mpaka siku ya kuvua fulana ya ridhaa na kuingia kwenye kulipwa, kwenye raundi nne, kisha sita, nane, kumi, hadi kumi na mbili za ubingwa, tayari amesoma watu wa kila aina.

Marehemu baba yangu alipenda kusimulia asubuhi ya tarehe 30 Oktoba 1974. Muhammad Ali na George Foreman walipigania ubingwa wa dunia Kinshasa alfajiri kwa saa za kule. Kwa saa zetu kulikuwa kunapambazuka. Wazee wa hapa walijikusanya kwenye redio, na kwa kuwa Kongo tunaiona ng'ambo ya ziwa kila siku hali ya hewa ikiwa safi, waliona kama pambano liko jirani tu, nyuma ya ile milima. (Kinshasa iko mbali mno na ile milima. Ukimwambia baba hivyo alikuwa anakasirika.) Foreman alianguka raundi ya nane, na Ujiji, kwa masimulizi ya baba, ilipiga kelele mpaka wavuvi wakasikia majini.

Baba hakuwahi kunisimulia mwanzo wa Ali, nikausoma mwenyewe ukubwani. Mwaka 1954, mjini Louisville kule Marekani, mtoto wa miaka 12 aitwaye Cassius Clay, ambaye baadaye ndiye Muhammad Ali, aliibiwa baiskeli. Akaenda kulalamika kwa polisi huku analia kwamba atampiga mwizi. Polisi yule, Joe Martin, alikuwa anafundisha vijana ngumi kwenye chumba cha chini cha jengo palepale, akamwambia basi jifunze kwanza kupigana. Martin pia alikuwa na kipindi cha televisheni pale mjini kilichoonyesha mapambano ya vijana wa ridhaa, kwa hiyo mtoto alikuwa na pa kupigana, na watu wa kumtazama. Alikaa kwenye ridhaa miaka sita na kushinda mapambano yanayokaribia mia. Akachukua dhahabu ya Olimpiki Roma mwaka 1960, ana miaka 18. Baada ya hapo ndipo akaingia kwenye kulipwa, na mkanda wa dunia akaupata kwa kumshinda bingwa Sonny Liston mwezi Februari 1964. Miaka kumi, Mheshimiwa, na sita ya kwanza ilisimamiwa na askari wa kawaida mwenye chumba na ratiba. Wewe una askari wengi kuliko Louisville nzima ya wakati ule. Natania, lakini si sana.

Na hata hapa nyumbani waliotuletea medali walipita njia hiyo. Titus Simba alichukua fedha ya Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba akachukua dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998. Miaka 24 baadaye, Birmingham 2022, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakarudi na shaba. Wote ridhaa.

Najua nitakachoambiwa. Mbona Hassan Mwakinyo naye aliitwa Birmingham mwezi Septemba 2018 kama mgeni wa kupigwa, akamshinda Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili, na dunia ikamjua usiku mmoja? Vijana wangu wote wanaijua hiyo video kwa moyo, na kila anayepigiwa simu anajiona Mwakinyo. Wasichokiona ni kwamba siku ile Mwakinyo alikuwa na mapambano zaidi ya kumi ya kulipwa nyuma yake. Alikuwa mgeni, sawa, ila hakuwa mwanafunzi wa wiki 11. Nami napenda kuwakumbusha kwamba ni mtu wa Tanga, kama Francis Cheka na Twaha Kiduku walivyo watu wa Morogoro. Si lazima bingwa atoke Manzese, Dar es Salaam.

Sasa ombi langu. Naomba ulingo mmoja wa kuhamishika. Ndani ya kamba ni mita 6.10 kila upande, kamba nne, jukwaa la chuma na mbao, juu yake godoro jembamba lililokazwa na turubai. Mafundi wa kuchomelea wa Mwanga, hapa mjini Kigoma, wanaweza kuutengeneza. Nimeshaongea na mmoja, akachora kwenye vumbi, na mchoro ulikuwa sahihi kuliko wangu. Tusijengewe jumba. Jumba litachukua miaka na litageuka ukumbi wa harusi. Ulingo wa kuhamishika unaufunga Ujiji mwezi huu, Kasulu mwezi ujao, Kibondo mwezi wa tatu, na vijana wa wilaya zote wanapata mapambano matatu kabla ya mvua.

Pamoja na ulingo, daktari mmoja wa serikali kwa saa nne kila mwezi, na gari la wagonjwa limesimama karibu. Hili halina mjadala: bila daktari, hata ukituletea ulingo wa dhahabu sitampandisha mtoto wa mtu. Na mizani, tafadhali. Sasa hivi tunapima uzito kwenye mizani ya magunia ya dagaa, mwenye mizani anatudai, na bondia wangu mmoja wa bantam, uzito mwepesi, aliwahi kusomeka kilo 61 kwa sababu kulikuwa na samaki chini ya bati.

Kuna jambo jingine ambalo haliko mikononi mwako. Leseni za kulipwa zinatolewa na TPBRC, kamisheni ya ngumi za kulipwa Tanzania, na ridhaa iko chini ya BFT, shirikisho la ngumi Tanzania. Ningependa asipewe leseni kijana asiye na mapambano angalau 15 ya ridhaa yenye saini ya daktari, na bondia wa mkoani asisafirishwe bila nauli ya kocha wake. Mimi nikiandika, barua yangu itakaa chini ya rundo. Yako itafunguliwa.

Usije ukaambiwa kwamba Kigoma hakuna watazamaji. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya soka ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, Simba na Yanga, ilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, na mji huu ulipokea watu mpaka vyumba vya wageni vikaisha, wengine wakalala kwa ndugu wa ndugu. Sisi hatuhitaji hata robo ya watu wale. Ulingo mmoja, taa mbili, tozo ya shilingi elfu moja mlangoni, na mama zetu wa mihogo wanapata soko la jioni.

Nina vijana 14 sasa, wawili kati yao mabinti, na mmoja wa hao mabinti ndiye bora kuliko wote, ingawa wavulana hawapendi nikisema. Wiki iliyopita simu ililia tena. Alikuwa anatakiwa yeye, kilo 54, raundi nne za dakika mbili, nauli ya mtu mmoja. Ana pambano sifuri. Nilikata simu, nikamwambia ukweli kwamba walimpigia. Hakuniuliza kwa nini nimekataa. Aliniuliza, "Sasa hapa nitapigana lini?"

Yule wa mkono wa kushoto bado yuko Kibirizi, anabeba magunia. Siku hizi huja chini ya mwembe, hapigi begi, anashika saa na kuhesabu raundi za wenzake. Akisahau hesabu, kwa kuwa siku hizi anasahau, hakuna anayemcheka.

Sisi tupo kila jioni isipokuwa Ijumaa. Ukija, njoo na fundi mwenye futi ya kupimia. Eneo lipo, mimi na vijana tumeshafyeka.

Wako mtiifu,

Kocha wa ngumi na fundi injini za boti,
Ujiji, Kigoma