Magari yasiyo na magurudumu

Torino, Novemba

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na mama msalimie sana. Nimefurahi kusikia hotelini wamekuhamishia mapokezi. Wasema Waitaliano wanakuzidi maneno. Ciao (salamu) na va bene (sawa) unazo tangu utotoni, nani Malindi hana? Kazi ni kuitikia.

Mimi nilipofika nilikuwa nikijibu sì, yaani ndiyo, kwa kila kitu, mpaka bibi ninayemtunza akaniuliza kama nimemkasirikia. Kumbe sì kavu ni sawa na mtu akuulize pilau imekolea, umjibu "ndiyo" halafu unyamaze. Sisi si tungesema "Imekolea haswa!" Wao wana eccome, na sauti inapanda kwenye hiyo co. Umeshiba? Eccome! Yaani sana tu. Altroché (tamka altroke) ni hiyo hiyo.

Itakayokufaa zaidi kazini ni infatti. Mimi Kiingereza cha skuli kilinipoteza na in fact yake, nikadhani mtu akiisema anataka kunipinga. Wapi! Mgeni akilalamika joto, wewe sema infatti, yatosha. Ni "ndiyo hivyo" yetu. Appunto nayo ni ya kukubali, ila itumie taratibu: ukiikaza inakuwa "si nilikwambia!" Na mtu akikujibu come no (yaani bila shaka), mtazame uso kwanza, maana huenda anakukejeli.

Sasa ngoja nikuchekeshe. Niko sokoni Porta Palazzo, nachagua nyanya. Muuzaji kanisifia kwetu, bahari, jua, nikamuuliza atakuja lini Kenya. Akapaza sauti: "Magari!" Shoga, niliruka na mfuko wangu nikageuka nyuma, nikijua gari lanigonga. Watu walicheka! Magari yao ni "laiti". Si ndiyo, si hapana, ni tamaa tu. Kwa hiyo mgeni akikujibu magari ukimuuliza kuhusu safari ya mashua, usimwandike kitabuni, bado hajalipa.

Ya kutilia mkazo hayatakusumbua. Wanarudia neno kama sisi: piano piano ni polepole, caldo caldo ni moto moto. Au watangulize proprio: proprio buono, kitamu haswa. Iliyonitia uchungu ni mica male. Bibi aliisema alipoonja chapati zangu. Nikaichambua kichwani, "si mbaya", nikanuna hadi jioni na chapati zilizobaki nikazila peke yangu. Kesho yake akaniomba nyingine. Kumbe alikuwa ananisifu!

Watu wa hapa Torino wana kidude chao, neh, wanakibandika mwisho wa sentensi kama "eti?" yetu. Usikipeleke mapokezi, mgeni wa Roma atakucheka.

Nitakupigia Jumapili bibi akiwa misani. Na ile likizo yako ukiipata, njoo na sweta mbili. Baridi hapa imeshaingia, neh?

Shoga yako