Swahiba, nitegulie hivi vitendawili

Swahiba wangu,

Hujambo na wa kwako wote? Sisi wazima. Najua miezi imepita bila neno, na leo nakuandikia kwa kuwa nina shida. Nisute, lakini maliza kusoma kwanza.

Bosi ameamua tucheze kusaka hazina kazini, watu wazima 24, ati tuzoee kushirikiana. Nikacheka kikaoni. Aliyecheka ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa.

Kugawa watu hakukunisumbua: timu 6 za watu 4, vituo 6, kila timu inaanzia kituo chake kisha inazunguka, wasije wakarundikana mlango mmoja wakinakiliana majibu. Dakika 90, basi. Yule mpenda simu alitaka tutumie GPS, kama ule mchezo wa kusaka makopo yaliyofichwa ulioanzia Marekani mwaka 2000. Nikamwambia sisi tutakuwa ndani ya jengo, na simu ikikosea mita chache tu umeshatumwa ghorofa ya wengine. Amenuna mpaka leo.

Kinachoninyima usingizi ni vidokezo. Ukikitunga mwenyewe huwezi kukipima, jibu unalo tayari. Cha kwanza nilitega: nyumba yangu ina nguzo moja. Kinachofuata nimekificha ndani ya mwavuli wa pale mapokezi, nikajipongeza. Kumjaribishia kaka, akajibu hapohapo: uyoga! Na kweli, tangu utotoni jibu ni uyoga. Sasa watu wazima wakasake uyoga chini ya meza?

Cha pili ni fumbo la herufi, lile la Julius Caesar, unasogeza kila herufi mbele hatua tatu. Ngazi nikaiandika RJDCL, maana nilihesabu bila Q na X. Kaka akazihesabu, akapata "ogazi", akaniuliza ni mnyama gani huyo. Halafu maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo mjanja akitazama miisho tu keshalivunja fumbo. Na mjanja unamjua: yule wa uhasibu. Atategua vyote peke yake, wenzake wamfuate kama mkia. Huko ndiko kushirikiana?

Basi nimekata kila kidokezo vipande 4. Kila mtu anashika chake, anaruhusiwa kukisoma kwa sauti, kukionyesha marufuku. Lakini Mama Mapacha na sauti yake ile... na goti la mzee wetu halipandi ngazi, kwa hiyo pengine hiyo ogazi niitupe tu.

Zawadi nayo. Kumpa mshindi mmoja kutaleta maneno ya mwezi mzima. Nawaza kila timu ipate tarakimu moja ya kufuli, sanduku lifunguke zikikutana zote 6. Ila timu moja ikikwama, wote 24 tutabaki tunalitazama sanduku.

Nimekufungia vidokezo vyote humu, majibu sikuweka. Tafadhali kaa navyo na saa mkononi. Kila kimoja kimekuchukua dakika ngapi? Wapi ulitaka kukichana? Mwavuli niutegeje ili mtu asifikirie uyoga? Timu ikikwama dakika 10, niisaidie bure au niikate alama? Sanduku la wote au mshindi mmoja? Na lile jambo lako na mwenye nyumba limeishia wapi?

Zimebaki siku 9. Jibu upesi, hata kwa mstari mmoja.

Wako,
Mtega vitendawili