Usitie saini bado

Baba Zawadi, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Zawadi. Sisi tu wazima, watoto wanaendelea na shule, theluji imeanza kuyeyuka. Mengine tutaongea. Shemeji ameniambia umepata zile eka kumi na mbili kule kaunti ya jirani, na kwamba mwenye shamba amepandisha kodi kwa sababu eti shamba lina hela za serikali. Nimekosa usingizi. Tafadhali usitie saini bado.

Hela zenyewe zipo, sikatai. Ila muulize ni zipi. Ruzuku kubwa za hapa Marekani, ARC (hulipa mapato ya zao yakishuka) na PLC (hulipa bei ya zao ikishuka), hazifuati ulichopanda mwaka huu. Zinafuata eka za msingi, yaani zile zilizoandikishwa zamani kwa mahindi, soya, ngano na mazao ya namna hiyo, tena hulipwa asilimia 85 tu ya hizo. Na malipo ya msimu hutoka kuanzia Oktoba ya mwaka unaofuata, kama yatakuwepo. Soko likiwa zuri, PLC hailipi hata senti. Yeye kodi anaitaka sasa hivi! Utamlipa leo hela ambayo huenda isije kabisa.

Halafu nyinyi mnataka kupanda mboga. Lengalenga, bilinganya, pilipili za Mama Zawadi. Mboga zikizidi asilimia 15 ya eka za msingi, malipo yanakatwa eka kwa eka. Sasa hiyo ruzuku anayoitolea hesabu ya kodi utaipata wapi?

Hili linaniuma sana, maana sheria iko wazi: ukikodi kwa fedha taslimu, malipo ya ARC na PLC ni ya mkulima anayebeba hasara, si ya mwenye ardhi. Sheria inakupa, kodi inakunyang'anya. Nimewaona wengi wakilimia watu wengine hivyo hivyo bila kujua.

Nenda kwanza ofisi ya FSA ya kaunti hiyo, yaani wakala wa serikali unaosimamia ruzuku na mikopo ya wakulima. Omba namba ya shamba, omba uonyeshwe eka za msingi zilizoandikwa. Bila karatasi hiyo, maneno ya mwenye shamba usiyajengee hesabu. Kisha jaza fomu CCC-860 kama mkulima anayeanza. Hujafika miaka 10 ya kulima, unastahili. Fomu hiyo inakuondolea ada ya NAP, mpango wa mazao yasiyo na bima ya kawaida, na mboga zenu nyingi huenda zikaangukia humo. Kiwango chake cha chini kinafidia hasara inayozidi nusu ya mavuno, kwa asilimia 55 ya bei. Si nyingi, lakini mvua ya mawe ikipiga utashukuru. Kila zao lina tarehe yake ya mwisho, kwa hiyo usichelewe. Ipo pia mikopo midogo ya FSA, hadi dola 50,000. Na kamati ya FSA ya kaunti huchaguliwa na wakulima wenyewe. Ukishajiandikisha, una kura.

Sasa niambie: mkataba ni wa mwaka mmoja au mitatu? Umeandikwa, au ni wa mdomo? Ameshachukua chochote mkononi mwako? Mzee wetu wa kanisani anasemaje, si ndiye aliyewakutanisha? Na Alhamisi una zamu? Kama huna, nitakuja na gari twende ofisini pamoja.

Nijibu kabla hujakutana naye.

Ndugu yako,
Baba Imani