Kuhusu lile neno "nusu"

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako niliisoma mara mbili usiku uleule, na asubuhi nikairudia. Umeniandikia mengi, ya kazi na ya watoto, ila kuna moja lililonikaa moyoni: kwamba siku hizi ukiulizwa kabila lako unajibu "nusu huku, nusu kule", kisha unabaki kama mtu aliyeomba radhi. Niruhusu nijibu hilo tu. Mengine tutaongea tukionana.

Neno nusu silipendi. Anayesema lugha ya mama na lugha ya baba hasemi nusu ya kila moja. Mimi, kama unavyonijua, nikihesabu kimoyomoyo nahesabu kwa lugha ya mama, na nikisali nasali kwa lugha ya baba. Sijaona hata siku moja sala ikipungua kwa ajili ya hesabu.

Mwaka 1969 mwanaanthropolojia wa Norwe, Fredrik Barth, aliandika jambo lililonifungua macho: kwamba kabila halisimami kwa sababu ya lugha, mavazi au mila zilizomo ndani yake, bali kwa mpaka ulio kati yake na jirani. Watu huvuka, mila hugeuka, mpaka unabaki. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wewe na mimi tunaulizwa kuliko wenzetu. Tumezaliwa palepale mpakani. Aliye ndani kabisa ya kundi lake anaweza kuzeeka bila kujiuliza yeye ni nani. Wewe ulianza kujiuliza ukiwa darasa la kwanza.

Na mpaka huo mara nyingi huchorwa na mkono wa mtu mwingine. Nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, wakoloni wa Kibelgiji waligawa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto akaandikwa kabila la baba yake. Upande wa mama haukuwa na nafasi kwenye karatasi. Mwaka 1994 vitambulisho hivyohivyo vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja likaamua nani apite na nani auawe. Siwezi kuliwaza jambo hilo haraka haraka. Kila nikipewa fomu yenye kisanduku kimoja cha kujaza, nawakumbuka wale watoto wenye mama wa upande wa pili.

Karatasi ikibadilika, na watu huonekana tofauti. Sensa ya Marekani iliruhusu mtu kutaja mbari (yaani asili ya rangi, kama mweusi au mweupe) zaidi ya moja kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na watu wapatao milioni 6.8 wakafanya hivyo. Mwaka 2020 walikuwa milioni 33.8. Ongezeko hilo halikuja kwa kuzaliana tu. Maswali yenyewe na namna ya kuyachambua majibu vilibadilishwa.

Najua wapo watakaokushauri uachane na makabila kabisa, useme wewe ni binadamu, basi. Nia yao ni njema, lakini siwaungi mkono. Ufaransa sensa haiulizi kabila wala mbari, na bado wenye majina au nyuso za mbali huulizwa wametoka wapi hasa. Tena, ukiitupa lugha ya bibi yako, pamoja nayo umetupa namna yake ya kukubembeleza, ambayo haina tafsiri. Hiyo siyo mizigo. Nimewaona watu wazima wakilia kwa kushindwa kuelewa maneno ya mwisho ya mzazi wao, na naogopa sana lisije likawapata watoto wetu.

Umeniuliza umjibu nini binti yako, aliyeambiwa na mwenzake kwamba yeye "si wetu kabisa". Mimi ningeanza na majina. Mfundishe majina ya bibi zake wote wawili, na ya mama zao kama unayakumbuka, na maana ya kila jina. Akiulizwa tena, ayataje yote, bila haraka, wala asiseme nusu. Kama mwenzake atachoka kusikiliza kabla hajamaliza, hilo ni la huyo mwenzake.

Yale ya upande wa baba yake ukiyasahau, mpigie simu shangazi yake leo, usingoje. Kisha niandikie umeyapata mangapi.

Akupendaye daima,
rafiki yako