Pipa la mafuta si lita 200

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie neno moja ambalo gazeti lako hulitumia karibu kila zinapochapishwa habari za mafuta ghafi, nalo ni "pipa". Msomaji anapoelezwa kwamba bei ya pipa imepanda, au kwamba nchi fulani imepunguza uzalishaji wake kwa mapipa kadhaa kwa siku, kinachomjia akilini ni lile pipa la chuma analolifahamu, ambalo huchukua lita 200 hivi. Hapo ndipo anapopotea, kwa sababu pipa la biashara ya mafuta ni lita 158.987, yaani 159 kasoro kidogo, na siku hizi si chombo hata kidogo bali ni kipimo tu, kwani mafuta ghafi husafirishwa zaidi kwa mabomba na meli.

Kosa hilo si dogo. Anayetafuta bei ya lita moja kwa kuigawanya bei ya pipa kwa 200 badala ya 159 atapata jibu lililopungua kwa takriban sehemu moja ya tano, kisha atashangaa kwa nini hesabu zake hazioani na za wengine.

Kipimo chenyewe kilitokana na mapipa ya mbao. Baada ya Edwin Drake kupata mafuta huko Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, wachimbaji walitumia mapipa ya kila namna yaliyopatikana, na mabishano kati ya muuzaji na mnunuzi hayakuwa na mwisho. Mwaka 1866 wazalishaji wa huko walikubaliana kwamba kwa kila galoni 40 mnunuzi ataongezewa galoni mbili, na nyongeza hiyo ndiyo iliyotuachia pipa la galoni 42. Kwa kuwa galoni ya Marekani ni inchi za ujazo 231, sawa na lita 3.785411784, kuzidisha kwa 42 kunatupa zile lita 158.987.

Nasisitiza galoni ya Marekani kwa makusudi. Mtu akichukua galoni ya Uingereza, ambayo ni lita 4.54609, na kuizidisha kwa 42 atapata karibu lita 191, na atakuwa amekosea ijapokuwa kuzidisha kwake ni sahihi. Vilevile pipa la bia ni jambo jingine kabisa: la Uingereza lina galoni 36 za huko, karibu lita 163.7, na la Marekani lina galoni 31 za huko, karibu lita 117.3. Kwa hiyo kabla ya kubadili mapipa kuwa lita ni lazima kwanza kuuliza ni kimiminika gani kinachopimwa, na kwa kipimo cha nchi gani. (Wafanyabiashara wa mafuta huuliza pia joto lilikuwa kiasi gani wakati wa kupima, maana mafuta hutanuka yakipata joto, lakini hilo tuwaachie wao.)

Ombi langu ni kwamba waandishi wako, wanapotaja mapipa ya mafuta kwa mara ya kwanza katika habari, waweke kiasi hicho kwa lita pia, na kwamba watumie 159. Kwa habari za gazeti namba hiyo inatosha: katika mapipa milioni moja inazidisha lita 12,705 tu kati ya milioni 159. Asiye na kikokotoo anaweza kuzidisha kwa 160 kisha akatoa idadi ya mapipa yenyewe, kwa mfano mapipa 70 yakawa 11,200 kutoa 70, yaani lita 11,130.

Ila wasivuke mpaka upande wa pili. Hivi karibuni nilisoma habari iliyosema "takriban mapipa milioni mbili", na mara baada yake zikafuata "lita 317,974,590". Kuzidisha kulikuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho, lakini sioni jinsi kiasi kilichoanza kwa makadirio kinavyoweza kujulikana hadi lita moja moja. Lita milioni 318 zingetosha.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi