Unataka Roadster ya viti viwili? Kabla hujatuma hela, tuiinue kwanza

Mwangaluka wateja wetu. Tangu mvua zimeanza tunaulizwa sana kuhusu hizi gari ndogo za spoti za viti viwili, zile za kufungua paa, na wengi wanaouliza wameshaona picha kwenye simu, dalali wa Dar ameshawatumia na video, roho imeshahamia huko. Tunaelewa kabisa. Mazda Roadster nyekundu iliyooshwa ikapigwa polishi halafu paa limefunguliwa ni gari nzuri mno kuitazama, na sisi mafundi wenyewe tunazipenda. Ila tunaomba kitu kimoja kabla hujatuma hela, hiyo gari tuione kwanza kwa chini.

Sababu ni maji. Gari kama Passo au IST paa lake ni bati, mvua ikinyesha inateremkia pembeni imeisha. Hii ya kufungua paa haina hiyo bati. Maji yakipiga turubai yanateremka mpaka nyuma ya viti, pale turubai linaposhikana na bodi kuna kamfereji kanayapokea, halafu kuna vitundu viwili, kulia na kushoto, vinavyoyashusha ndani kwa ndani hadi yakatokee chini ya gari karibu na tairi la nyuma. Mtu anaweza kumiliki hiyo gari miaka mitano asijue kama hivo vitundu vipo. Vikiziba, maji yanamwagikia ndani, yanaloanisha kapeti na yanatuama kwenye kizingiti cha mlango, yani ule mfupa wa chini unaouvuka ukiwa unaingia, na bati inaanza kuoza kutokea ndani huku nje rangi inang'aa tu.

Sasa Tabora yetu ni mji wa miembe. Kila mtu hapa anapaki gari chini ya mwembe, jua la mwezi wa kumi nani ataacha kivuli? Jani la mwembe likikauka linavunjikavunjika, linaingia kwenye kale kamfereji, linachanganyika na vumbi letu hili, linakuwa kama udongo wa kufinyangia. Mvua za Novemba zikija vitundu vimeshakufa zamani.

Kuna kijana mteja wetu wa siku nyingi, analima tumbaku upande wa Urambo, alinunua Roadster ya silva Dar akaiendesha mwenyewe mpaka hapa, akatuletea tubadilishe oili tu. Tulivofungua mlango tukasikia harufu ya kapeti bichi. Tukamuomba ruhusa tuiinue, tukapitisha mpini wa bisibisi kwenye kizingiti kuanzia mbele kwenda nyuma, kuna sehemu inalia tii tii ya bati, ukifika karibu na tairi la nyuma inalia dum, ya puti, ule udongo wa kuzibia bati kabla ya rangi. Tulipogeuza ncha ya bisibisi tukasukuma kidogo tu ikazama yote. Upande wa pili vilevile. Yule kijana alikaa kwenye benchi letu muda mrefu hajaongea. Kukata bati bovu, kukunja jipya, kuchomelea na kupiga rangi ilichukua wiki tatu, na hela aliyotoa angeongezea kidogo tu toka mwanzo angepata gari ambayo haijaguswa. Inatuuma mpaka leo kwasababu kuligundua hilo tatizo kulichukua dakika kumi.

Kwahiyo ukaguzi wetu wa hizi gari unaanzia hapo kabla hata ya kuwasha injini. Tunanusa, tunanyanyua kapeti nyuma ya viti, tunakandamiza sponji lake kwa mkono kuona kama lina maji. Halafu tunamimina maji ya chupa ya lita moja pole pole kwenye tundu la kulia, fundi mwingine yupo chini anaangalia yanatoka au hayatoki, tunahamia la kushoto. Hata gari ikiwa Dar mwambie mtu wako yeyote aliyepo kule afanye hiyo ya chupa, haihitaji ufundi. Tunapitisha na sumaku kwenye vizingiti na kwenye mikunjo ya bodi juu ya matairi ya nyuma, kwenye puti nene sumaku haishiki. Buti nayo tunaifungua, maana kwenye Roadster za matoleo mawili ya mwanzo betri ipo humo humo upande wa kulia, na iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa ya kufungwa yenye vibomba vya kutolea hewa nje, sasa mtu akiweka betri ya kawaida ya maji ule mvuke wa asidi unabaki ndani ya buti na unakula bati taratibu.

Turubai lenyewe tunalifungua na kulifunga mara tatu. Kioo cha nyuma kama ni cha plastiki kitakuwa kimegeuka rangi ya chai na kina mipasuko pale linapokunjika, hiyo inabadilishika isikukatishe tamaa, ila iingie kwenye mazungumzo ya bei.

Tuseme kidogo gari zenyewe ni zipi, maana madalali wanaziita zote "MX-5 new model", MX-5 ikiwa ni jina la hiyo hiyo Roadster nje ya Japani. Ya kwanza ilitoka 1989, Japani ikiuzwa kwa jina la Eunos Roadster, ile yenye taa za mbele zinazoinuka. Ya pili ilikuja 1998, taa zikawa za kawaida. Ya tatu 2005, ya nne 2015. Namba ya chesisi ndiyo inasema ukweli, ikianza na NA6 au NA8 ni ya kwanza, NB6 au NB8 ni ya pili, NCEC ni ya tatu, ND5RC ni ya nne. Ile 6 ni injini ya 1.6 na ile 8 ni ya 1.8. Dalali akikwambia 1.8 na chesisi inasoma NB6C muulize vizuri.

Kwa mtu wa Tabora hii habari ya injini ina maana kubwa kuliko spidi. Injini za hizo mbili za mwanzo ni za ukoo mmoja na zilizofungwa kwenye Mazda Familia, na ile ya lita 2.0 ya NCEC ni ndugu na ya Axela na Atenza, kwahiyo vitu vingi vya sevisi unavipata, na kisichokuwepo hapa kinapakiwa kwenye basi kutoka Dar kesho kipo. Shida ni vitu vya bodi. Taa, bampa, kioo cha nyuma, mpira wa kuzuia maji wa paa, hivo unaweza kusubiri miezi hadi viagizwe Japani. Kwahiyo sisi tukipewa kuchagua kati ya gari yenye injini iliyochoka na bodi nzima, na gari yenye injini nzuri na bodi iliyooza, tunachukua ile yenye bodi nzima bila kufikiria mara mbili.

Injini tunaikagua ikiwa baridi, na hapa tunaomba sana ushirikiano. Ikija imeshapashwa moto imeshaficha nusu ya siri zake, ule mlio wa kwanza asubuhi na moshi wa sekunde chache za mwanzo ndio tunaoutaka. Za NA na NB zinatumia taimingi belti, inabadilishwa kila kilomita laki moja, na gari yenye miaka zaidi ya ishirini hata kama dashibodi inasoma elfu themanini sisi tunaihesabu belti imekufa mpaka tuone risiti, kwasababu mpira unazeeka hata gari ikiwa imesimama. Habari njema kwa hizo injini za zamani ikikatika huwa haikunji valvu, gari inazima tu, ingawa kuzimiwa kati ya Sikonge na Mpanda sio kitu kidogo. NC na ND zina cheni. NA za 1.6 za miaka ya mwanzo kabisa, 1989 hadi 1991 hivi, zina udhaifu kwenye ncha ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, puli ya mbele inaanza kucheza, tunaitazama kwa tochi injini ikiwa inaunguruma. Klachi ukiikanyaga ikawa laini kupita kiasi, tafuta oili kwenye silinda ndogo ya klachi iliyofungwa pale kwenye gia boksi, kwenye NA na NB ndiyo inayovuja mara kwa mara. Tunapima na kompresheni, yani nguvu ya kubana hewa, silinda zote nne, tunachotafuta ni zilingane, moja ikiachwa mbali na wenzake hapo tunaongea mengine.

Ajali. Hizi gari zinasukumwa na tairi za nyuma na ni nyepesi, ile ya kwanza haifiki hata tani moja, vijana wa Japani wengi walizitumia kuserereka, kwahiyo tunaangalia sana kona za mbele, nati za boneti kama zimeguswa spana, na kwa zenye eya begi, taa yake kama inawaka ukiwasha switchi halafu inazima, isipowaka kabisa mtu amechomoa balbu. Ukiwa unaagiza mwenyewe dai karatasi ya mnada wa Japani, ile yenye gredi na mchoro wa gari. Gredi 4 kwenda juu ni gari nzuri, 3.5 inahitaji macho, R au RA imeshagongwa ikatengenezwa. Kwenye ule mchoro A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, na S ni kutu, C kutu iliyokula. Ukiona S au C karibu na tairi za nyuma rudi ukasome tena habari ya vitundu pale juu.

Tumeulizwa pia kuhusu BMW Z4 na Mercedes SLK. Z4 ya kwanza, ya 2002 mpaka 2008, ina shida ile ile ya maji ila yenye gharama zaidi, maana mota ya kuinua paa inakaa chini kule kule yanakopita maji, mifereji ikiziba mota inazama na paa haliendi tena. SLK iliyotoka 1996 paa lake ni la bati linalojikunja lenyewe kwa haidroliki, zuri sana, ila sili zikichoka oili inavuja na kumpata fundi wa hiyo kitu huku kwetu ni kazi. Kwa moyo mweupe, kama hii ndiyo gari yako ya kwanza ya spoti chukua Mazda ya turubai la mkono.

Na pima maisha yako pia. Chini ina kama sentimita 14 tu mpaka ardhini, matuta yetu mengine itayapanda kwa upande upande na mengine itakwaruza, barabara ya vumbi iliyochimbika usiingie nayo kabisa. NCEC na ND hazina spea tairi, zinakuja na kopo la dawa na pampu, kama safari zako ni za Nzega na Kaliua hilo ulifikirie. Viti ni viwili kweli kweli, mtu wa tatu hana pa kukaa.

Ukaguzi wote huu kwetu ni shilingi elfu sitini, unachukua masaa mawili, na unapewa karatasi yenye picha za chini ya gari uende nayo kwa muuzaji. Tukiona vizingiti vimeoza tunakwambia hapo hapo na tunakudai elfu ishirini tu, hatuendelei kukuhesabia vingine. Njoo na kadi ya gari tulinganishe namba ya chesisi, angalia na faini za trafiki kwa namba ya gari kabla hujaja. Tunafungua saa moja na nusu asubuhi, na kama gari inalala kwa muuzaji hapa mjini tunaweza kuja kuiwashia huko huko kabla mtu hajaigusa, tupigie tu jana yake jioni.